Mkwe Aliyeangalia Ukuta

Everlyne, ulipokuja hapa Shieywe wiki iliyopita kuchukua zile gambuti nilizosahau kurudisha, uliniuliza swali ukiwa tayari umeshika mlango. "Mama, wewe ulikuwanga unafanya aje, miaka yote hiyo?" Nikakuambia tutaongea. Sasa mvua imefunga watu ndani, magoti yananiuma, nimekaa na daftari. Nakuandikia wewe, na wenzako pale mochari wakitaka kusoma, wasome. Vyeo sitavitaja. Nilipata kimoja tu, na hakikuniongezea chochote isipokuwa karatasi za kujaza.

Kazi hii sikuiomba. Nilikuwa nafagia wodi katika hospitali yetu, ambayo jina lake unalijua na mimi siliandiki. Siku moja matroni akaniita. Familia zilikuwa zimeanza kulalamika kwamba mama zao wanaoshwa na wanaume, na hospitali ilitaka mwanamke. Wanawake watatu walikuwa wameulizwa kabla yangu na wote wakakumbuka wana presha.

"Wewe umeokoka, sivyo?" matroni akaniuliza.

"Ndiyo, matroni."

"Basi. Mtu aliyeokoka haogopi maiti."

Nilikuwa nimeokoka kwa miezi minne. Hata paka mweusi nilikuwa bado namwogopa. Lakini nilikuwa mjane mwenye watoto wawili, na mtu wa namna hiyo hajadiliani na matroni.

Siku ya kwanza nilimkuta Mzee Ambani amekaa kwenye stuli nje ya mochari, anakunywa chai ya tangawizi na redio imewashwa. Ndiye aliyekuwa mhudumu pale kwa miaka mingi, mzee mfupi wa Idakho, shemasi kanisani kwake. Alinipa aproni, glavu na gambuti za mwanamume zilizonizidi namba tatu. Formalini ilinichoma macho kabla sijaona chochote. Nilipoona, nilitoka mbio nikatapika kwenye maua ya hospitali. Mzee akanifuata na kikombe chake.

"Kunywa. Hii tangawizi itafunga tumbo. Alafu urudi, kuna mama anangoja."

"Anangoja nini, mzee?"

"Anangoja kuoga. Kwani wewe hukuoga leo?"

Tuliporudi ndani alivua kofia, akasimama kando ya meza. "Mulembe, mama," akamwambia yule marehemu, salamu yetu ya amani. "Mimi ni Ambani. Huyu ni binti yetu, bado ni mgeni, umvumilie. Yeye ndiye atakuosha." Kisha akainamisha kichwa kidogo, midomo ikacheza, akavaa kofia yake na kufungua bomba. Nilidhani anamwombea marehemu, na kanisani kwetu nilikuwa nimefundishwa kwamba hilo halifai. Nilikaa na swali hilo wiki nzima ndipo nikathubutu kumuuliza.

"Huyu ameshafika," alisema. "Mambo yake iko na Mwenyewe. Mimi naombeanga mikono yangu. Naomba isifanye haraka, na isione kinyaa."

Huo ndio ufundi wa kwanza nilioupata. Wa pili ulikuwa jinsi ya kunoa wembe na wa tatu jinsi ya kufunga kidevu kwa bendeji kabla hakijakauka, na hivyo viwili wewe unavijua kunishinda. Lakini ule wa kwanza hawaufundishi chuoni, na ndio ulionifanya nilale usingizi. Niliomba kila asubuhi kabla ya kuvaa glavu. Kulikuwa na siku nilizoomba kwa imani na siku nilizoomba kwa mazoea, na sitakudanganya kwamba niliweza kuzitofautisha saa ileile.

Kazi hii ilinipa shida zaidi kule kanisani kuliko mezani. Akina mama waliposikia kazi yangu, mikono yao ikawa na shughuli nyingi wakati wa kusalimiana. Zamu yangu ya kupika chapati za mkutano ikapita, ikapita tena, mwisho nikapewa kupanga viti. Nikavipanga. Viti havina kinyaa. Nilikuwa narudi nyumbani nikilia kwa hasira, namuuliza Mungu kwa nini ameniita kisha akanificha stoo. Jibu sikupata, ila wale akina mama, mmoja baada ya mwingine, walianza kuja kwenye mlango wa nyuma wa mochari, leso mdomoni. "Senje, mama yangu ameletwa hapa. Nakuomba umwangalie vizuri." Wakaniita senje, shangazi, hata walionizidi umri. Niliwaangalia mama zao vizuri. Kidogo kidogo nikaelewa kwamba sikuwa stoo. Nilikuwa mahali ambapo kila mmoja wao angefika na mtu wake, na Mungu alitaka wamkute mtu pale anayemwogopa Yeye.

Kuna kijana wa bodaboda aliletwa kutoka barabara ya Mumias. Sitakueleza alivyokuwa. Nilifanya kazi kwenye uso wake tangu asubuhi hadi saa nane, pamba, nta na sindano nyembamba, kwa sababu mama yake alikuwa amekaa nje kwenye nyasi na hakutaka kuondoka bila kumwona. Alipoingia alimshika sikio, akalisugua taratibu kati ya vidole viwili. Akaniuliza, "Aliumia?"

Ungejibu nini? Mimi nilisema, "Sijui, mama. Lakini tangu afike hapa hajawa peke yake." Akatikisa kichwa, akaendelea kusugua lile sikio. Nilienda nyuma ya mlango nikalia, nikarudi. Ukihitaji kulia, Everlyne, lia nyuma ya mlango, kisha urudi.

Mzee Ambani alistaafu, na baada ya miaka michache akarudi pale akiwa amelala. Nilimwosha mwenyewe. Nilimwambia mulembe, mzee, leo ni mimi. Sikutaka mtu mwingine aguse wembe wake.

Sasa nifike kwenye Ijumaa ile, maana najua umesikia habari zake kwa watu wa jikoni, na watu wa jikoni huongeza chumvi hata kwenye chai.

Unajua Ijumaa zetu. Kwetu mazishi ni Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa miili yote inataka kwenda nyumbani kwa wakati mmoja, na lango linapigiwa honi tangu saa mbili. Zamani hatukuwa na zile bangili za plastiki mlizo nazo sasa. Tulikuwa na plasta tu, imefungwa kifundoni mwa mkono, jina limeandikwa kwa kalamu. Maji yakiigusa, wino unakimbia. Kwa hiyo mimi nilikuwa na desturi yangu ya kuitoa kabla ya kuosha, kuibandika kwenye aproni yangu kifuani, kisha kuirudisha nikimaliza. Wino ulikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba sikupenda kumwosha mtu akiwa na karatasi mkononi kama gunia la mahindi. Nilijiona nina utu kuliko wengine, na ni vizuri niliseme wazi.

Asubuhi ile nilikuwa na vikongwe wawili kwenye meza mbili zilizokaa sambamba. Mmoja ni Mama Perisi wa Iguhu, mwingine ni Mama Rasoa wa Lugari. Wote wembamba, wote mvi tupu, na wote wa kanisa moja la kanzu nyeupe na msalaba mwekundu kifuani. Kila familia ilikuwa imeleta kanzu, na kanzu zilikuwa pacha. Plasta ya Perisi nilikuwa nimeibandika upande wa kushoto wa aproni, ya Rasoa upande wa kulia, kama meza zao zilivyokuwa mbele yangu. Nikawaosha. Honi ikapigwa langoni, nikatoka kupokea nguo za mtu mwingine, na niliporudi nikaingia kwa mlango wa upande wa pili. Nikasimama mbele ya meza zilezile nikiwa nimezielekea kinyume. Kushoto kwangu sasa alikuwa Rasoa. Nikambandika plasta ya kushoto, ile yenye jina la Perisi.

Ndivyo ilivyokuwa. Sikuwa nimelewa, sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na haraka na nilijiamini.

Bado kosa hilo lingekamatwa. Sheria yetu ilikuwa kwamba jamaa lazima aingie, aangalie uso, ndipo atie sahihi. Waliokuja kumchukua Mama Perisi walikuwa na gari na jeneza, na aliyetumwa kuingia ni Hezroni, mume wa binti yake. Watoto wa kiume wa Perisi walikuwa Mombasa na bado walikuwa njiani, na wengine walikuwa wanachimba kaburi. Hezroni alivuka kizingiti hatua moja, akavua kofia akaishika mbele ya uso wake, akaangalia ukuta.

"Ndiye," akasema.

Wewe ni wa huku, unajua. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaangaliani. Akimwona njiani anapinda kwenye mahindi mpaka apite. Hawapeani mkono, hawali meza moja, na mkwe mwenye adabu anaweza kuzeeka asijue mama wa mkewe ana macho ya rangi gani. Nilijua kabisa ya kwamba hajaangalia. Nilipaswa kumwambia, baba, rudi uniletee mtu mwingine. Badala yake nikamhurumia, nikampa kalamu. Nilimsaidia hata kushika karatasi. Akaondoka na Mama Rasoa wa watu wa Lugari.

Saa tisa simu ikapigwa kwa msimamizi. Akanijia amekunja uso. Kule Iguhu jeneza lilikuwa limefunguliwa uwanjani ili watu wamwage machozi, na Beatrice, yule binti, aliinama akasema, "Huyu si mama yangu." Matanga yakageuka. Maiti ya mtu msiyemjua haingii bomani hivi hivi, na aliyeiingiza alikuwa mkwe. Wengine walisema amefanya makusudi, eti kwa sababu mama mkwe hakumtakanga. Wazee walikuwa wamemkalisha peke yake chini ya migomba, na hakuna mtu aliyempelekea hata maji.

Nilikimbia ndani. Mama Perisi alikuwa amelala kwenye meza yake, amevaa kanzu ya Rasoa, plasta ya Rasoa mkononi. Kwenye shavu lake kulikuwa na kovu dogo ambalo niliandika mwenyewe kwenye daftari siku alipoletwa. Nikarudi kwa msimamizi.

"Ni mimi," nikamwambia. "Nilibadilisha plasta."

Msimamizi wetu hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango. "Mama, kaa. Sahihi ni ya nani kwenye karatasi?"

"Ya mkwe."

"Ameandika kwamba ametambua mwili. Sasa wewe unataka nini tena? Tunarudisha huyu, tunachukua yule, naandika kwamba familia ilitambua vibaya. Imeisha. Ukisema ni wewe, hii itaenda mpaka juu, na kazi utapoteza. Umebakisha miaka sita tu."

"Na huyo baba?"

"Huyo ni mambo yao ya nyumbani. Watamsamehe."

Everlyne, hapo ndipo swali lako lina jibu, kwa hiyo soma polepole. Nilirudi ndani nikapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, kati ya meza mbili. Sikuomba kama shujaa. Nilimwomba Mungu anitafutie njia ya kunyamaza bila dhambi. Nilimweleza habari za karo, nikamkumbusha viti vyote nilivyopanga. Nilimwambia kwamba karatasi haisemi uongo, sahihi ni ya yule baba kweli. Na wakati wote huo nilikuwa nimelijua jibu, ndiyo sababu niliichelewesha amina. Nilikuwa nimewaambia wafu mulembe kwa miaka mingi, watu ambao hawawezi kunifanya lolote. Sasa alikuwapo mtu hai chini ya migomba, na amani yake ilikuwa mkononi mwangu.

Niliogopa mno. Nataka ujue hivyo, kwa sababu vijana hudhani imani huondoa woga. Yangu haikuuondoa. Iliniinua tu kutoka sakafuni nikiwa nao, na miguu ikatembea.

Tukampakia Mama Perisi kwenye gari la hospitali. Nilikaa nyuma pamoja naye mpaka Iguhu. Njiani nilimwomba msamaha kwa sauti, dereva akaongeza redio.

Boma lilikuwa limejaa. Nilipoteremka na aproni yangu watu walipasuka katikati wakaniachia njia, na sikujua kama ni heshima au ni kinyaa. Nikasimama karibu na turubai. Mzee mmoja akauliza nimetumwa na nani.

"Sijatumwa, baba. Ningeambiwa nichague, singekuja." Nikawageukia wote. "Mimi ndiye niliyemwosha mama yenu. Nilitoa majina mikononi mwao wote wawili, na nilipoyarudisha nikayabadilisha. Huyu baba mliyemweka kule hakubadilisha mtu. Alipewa na mimi. Kosa ni langu, na ninyi mniseme mimi."

Mama mmoja alianza kunitukana kwa Kiidakho, matusi kamili, yana mwanzo na mwisho. Nikayasikiliza yote. Nilikuwa nimeyastahili.

Niseme ya kazini hapa nisije nikayaruka. Barua ya onyo niliipata, na miezi mitatu nilirudishwa kufagia wodi. Kazi sikupoteza, lakini siku ile nilikuwa nimeshaipoteza kichwani mwangu. Mtoto wa Mama Rasoa kule Lugari nilimpigia simu mwenyewe. Akauliza, "Sasa mama yuko?" Nikamwambia yuko, nimeshamshika mkono. Akasema asante. Hiyo asante iliniuma kuliko matusi ya Iguhu. Tangu hapo plasta ikawa inafungwa mbili, mkononi na mguuni, na haitoki hata kidogo, wino ukikimbia inaandikwa nyingine juu yake. Na mkwe nikawa simruhusu kabisa kutambua mama mkwe wake. Wamenung'unika wengi. Wanung'unike.

Turudi bomani. Yule mama alipomaliza kunitukana, Hezroni aliinuka kule migombani. Alikuja akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akasimama kando yangu. Alikuwa mwanamume mkubwa, na uso wake ulikuwa umevimba.

"Huyu mama amesema yake," akasema. "Na mimi nina yangu. Niliambiwa niangalie, sikuangalia. Niliona aibu. Niliangalia ukuta nikasema ndiye." Akageuka kwa mkewe. "Beatrice, ningewaambia mapema, lakini mngesema nimekosea adabu nikiangalia, na mngesema nimekosea nisipoangalia. Nikaona ninyamaze tu."

Wazee wakaangaliana. Kila mmoja wao ana mama mkwe.

Beatrice alikuwa amekaa chini, miguu amenyoosha, kama wafiwa wanavyokaa. Ni mwalimu, na hata katika msiba ule sauti yake ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akaniambia, "Wewe, njoo tumvalishe mama yangu nguo yake." Tukaingia ndani ya nyumba, mimi na yeye na wanawake wawili, tukawabadilisha kanzu wale mama. Sikuomba kwa sauti. Beatrice alishika mikono ya mama yake wakati mimi nafunga vifungo, na hakuniambia neno la kunisamehe. Sikulidai. Mama Rasoa alirudishwa kwenye gari la hospitali na heshima zote, wanawake wa boma lile wakamwimbia mpaka langoni ingawa hawakumjua.

Jeneza la Mama Perisi likawekwa uwanjani, likafunguliwa. Watu wakapanga mstari. Hezroni akarudi nyuma kuelekea migombani kama desturi inavyotaka. Beatrice akamfuata, akamshika mkono wa shati mbele ya wazee wote, akamvuta.

"Njoo umwangalie," akamwambia. "Umemheshimu miaka ishirini. Inatosha. Mama amekuruhusu."



Hezroni alisimama juu ya jeneza macho ameyafumba, na sote tukangoja. Kisha akayafumbua. Akaangalia muda mrefu, akamwangalia mkewe, akarudi kumwangalia mama yule, na machozi yakaanza kumshuka.

"Beatrice," akasema, "kumbe sura yake ni yako kabisa."